Keith Haamki Saa Moja

Umoja One, Nairobi
2 Machi 1999

Walter,

Ndiyo, taa inawaka. Ile ya kijani, hapo nyuma ya kompyuta pale waya ya netwaki inaingilia. Nilizima kompyuta saa ya lanchi, nikapiga magoti nyuma ya meza kama mtu ameangusha jino, na hiyo taa ikaniangalia. Kwa hivyo jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Swali la pili, ati nani alinituma kuingilia mambo ya kompyuta, jibu ni mdomo. Huu wangu.

Wacha nikuelezee vizuri, ile barua ya kwanza niliandika nikikimbia. Unamkumbuka Madam Perez wa chuo cha kutaipu, hapa nyuma ya soko? Darasa iko juu, na chini ndio iko duka ya printa na fotokopi. Huko juu kuna kompyuta moja mzee, nilimtafutia mimi kwa Samatar wa Eastleigh, yule wa kompyuta za mtumba, imetoka ofisi fulani ng'ambo. Bado iko na stika ya jina la Mzungu alikuwa anaitumia, Keith. Basi sisi tunaiita Keith. Barua za watu, mitihani, kadi za arusi, zote ziko kwa tumbo la Keith. Lakini printa iko chini, na kompyuta yake ndogo, imeungana na Keith kwa waya.

Sasa watu wa kazi wanakujanga saa moja asubuhi, wanataka karatasi zao waende. Saa moja Keith amelala. Ufunguo wa juu ako nao Marion, yule karani, na Marion anaingia saa mbili. Kuacha Keith akiwaka usiku kucha Madam hataki hata kusikia. Ufunguo mwingine hatoi kwa mtu. Na goti lake na ngazi waliachana kitambo.

Siku moja akasema amesikia huko mjini kuna ofisi mtu anaamsha kompyuta ya chumba ingine akiwa amekaa kwa kiti yake. Wewe unanijua. Nilikuwa na chai mkono huu na mandazi mkono huu. Nikasema, "Hiyo, Madam? Hiyo ni kazi ya dakika tano."

Hiyo dakika tano imeingia wiki ya saba.

Lakini sikia alisema nini: "Ukimwamsha, kile chumba cha chini ya ngazi ni chako." Walter, kile chumba kina dirisha! Miaka sita natengenezea redio za watu kwa veranda, mvua ikianza nakimbia na TV ya mtu kichwani kama mama wa Gikomba na belo ya mitumba. Shida ni Ngigi kinyozi. Yeye pia anakitaka, na ameshaanza kupima mahali pa kioo. Madam ametupatia mpaka mwisho wa Juni.

Ile waya ya nyuzi tatu ulituma kwa bahasha ilifika, nimeiweka ndani ya Keith, kati ya kadi ya netwaki na ule ubao mkubwa, vile ulichora. Disketi pia ilifika, posta wameipiga muhuri kwa tumbo lakini inasoma. Nimeingiza namba ya kadi ya Keith, nimekuandikia hapo nyuma ya karatasi uone. Nabonyeza kwa kompyuta ya printa huku chini. Keith anakoroma. Nabonyeza tena. Wapi.

Nifanye nini, mkubwa?

Mamako ako fiti. Jumapili alisimama kanisani akatoa shukrani juu ya kijana wake anasimamia kompyuta za Amerika. Watu walipiga makofi. Yangu ndio ilikuwa na kelele zaidi.

Ni mimi,
Job Luseno, Fundi

*

Minneapolis
20 Machi 1999

Luseno Mdomo,

Dakika tano! Ulisema hivyo hivyo ukishika pasi ya mathe, mama yangu, na mpaka leo hiyo pasi ikiguswa inauma.

Nimeangalia namba. Umeandika O mbili, ile ya "ole wako." Hiyo kadi haina O. Ni sufuri. Herufi zinakuja kwa hiyo namba ni A mpaka F peke yake, zile zingine zote ni hesabu. Rekebisha.

Halafu kitu ya pili. Ukiwasha Keith, kabla macho hayajafunguka vizuri, bonyeza Delete. Utaingia ukurasa ya bluu. Tafuta pale pameandikwa mambo ya kuamshwa na netwaki, uruhusu, uhifadhi. Bila ruhusa hata umuite na spika za wahubiri wa krusedi hataamka.

Ujue vile hii kitu inafanya kazi. Kompyuta ikilala, ile kadi yake inabaki na stima kidogo sana, umeme wa kusikia tu. Haifanyi kazi, inasikiliza. Ile programu ya disketi inaita namba yake mara kumi na sita, moja kwa moja bila kupumua. Mara kumi na tano hasikii. Kumi na sita, anajua ni yeye, anaamka.

Na Keith azimwe vizuri kabla hujamjaribu. Msimng'oe tu ghafla. Mwambie huyo Marion: mzime vizuri.

Hapa kwangu ziko arobaini, chumba moja, na hakuna hata moja naruka. Zote zinapita kwa mkono wangu kila asubuhi. Salimia mathe, mwambie nitampigia Pasaka.

Walter Odongo

*

Umoja One
9 Aprili 1999

Walter, Walter, Walter,

AMEAMKA!

Niliweka sufuri. Nikaingia ukurasa ya bluu. Saa saba unusu mchana, Marion amemzima ameenda kununua chips, mimi chini nikabonyeza. Nikasikia juu, vuuu, feni. Nilipanda ngazi tatu tatu. Keith huyo, macho wazi, anauliza neno la siri. Nilimsalimia kwa mkono, nikashika hiyo mausi nikaitingisha.

Mara kumi na sita, ati? Mathe wangu alikuwa ananiita zaidi ya hizo nikiwa darasa la nne na sikuamka. Ndio maana niliishia hapo. Keith ako na nidhamu kunishinda.

Sasa punguza kucheka. Kesho yake saa moja asubuhi, Madam amesimama hapo na leso yake, wateja watano kwa laini, nikabonyeza kama bwana. Kimya. Nikabonyeza mpaka kidole ikaanza kuuma. Kimya. Marion akaja saa mbili, akafungua, Keith akaamka kwa mkono kama kawaida. Saa saba nikajaribu tena: vuuu. Siku tatu sasa ni hivyo. Mchana anaamka, asubuhi ameaga dunia.

Nimefikiria sana, na nimepata. Saa saba unusu ya hapa, kwenu ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, si ndiyo? Keith ni wa huko. Bado anafuata saa za kwao! Saa moja yetu kwake ni saa tano usiku, na Mzungu haamki usiku wa manane juu ya kadi ya arusi ya mtu wa Buruburu. Niliingia nikabadilisha saa yake, nikamwekea ya Kenya. Bado. Marion anasema labda ni baridi ya asubuhi. Nikamletea blanketi. Marion amekataa, ati iko na viroboto.

Nilimwambia pia vile ulisema, azimwe vizuri. Akaniangalia kuanzia viatu. "Luseno, mimi sijazima kitu vibaya tangu nizaliwe."

Madam anataka kuona kwa macho yake Jumatatu tarehe ishirini na sita, saa moja kamili. Amemwalika mpaka Ngigi. Najua jibu lako halitakuwa limefika. Usijali. Niko na mpango.

Job Luseno, Mwamshaji

*

Umoja One, Nairobi
3 Mei 1999

Kwa Kaka Walter,

Pokea salamu zangu. Hatujaonana, lakini nakujua kwa mdomo wa Luseno, na huo mdomo nadhani unaujua wewe zaidi. Naandika kukuomba msaada bila yeye kujua.

Tarehe ishirini na sita Luseno alimwonyesha Madam Perez jinsi anavyoamsha kompyuta. Mpango wake ulikuwa huu: nije mapema, saa moja kasorobo, nijifungie juu kimya. Yeye chini akishabonyeza, agonge bomba la maji mara tatu kwa spana, aseme anashtua laini. Nikisikia la tatu, niwashe ukutani, halafu nimbonyeze Keith kwa kidole. Nilikubali kwa sababu alinibembeleza, na kwa sababu kile chumba anakihitaji kweli. Nimemwona akinyeshewa akikumbatia redio ya mtu.

Ilifaulu. Madam alipiga makofi. Ngigi alienda na kioo chake.

Lakini sasa Madam anataka hivyo kila asubuhi, na bado hajatoa ufunguo wa chumba. Anasema aone kwanza kama itadumu. Kaka Walter, mimi naamka saa kumi na moja kwenda kuwa kompyuta. Nimechoka kuwa kompyuta. Alhamisi fundi wa maji alikuja akagonga lile bomba kutafuta mahali linapovuja, nami nikabonyeza. Madam akasema, "Angalieni, siku hizi anaamka hata bila kuitwa!"

Kuna jambo lingine, na Luseno sijamwambia kwa maana ataringa mpaka Krismasi. Ijumaa nilichelewa kidogo. Nimeingia, nimewasha pale ukutani kabla bomba halijagongwa, naanza kuvua koti, kidole changu kiko mbali kabisa, mara Keith akawaka mwenyewe. Nilitaja jina la Yesu. Tangu hiyo siku namkaribia kwa upande.

Mimi kazi yangu nafanya sawasawa. Kila jioni nahifadhi, nazima vizuri kama ulivyoagiza, nafunika na kitambaa nilichofuma, nafunga mlango. Wewe unasimamia kompyuta arobaini. Tafadhali, mfanye huyu mmoja aamke bila mimi. Juni inakaribia, na uongo huu una bomba la kuvuja.

Wako katika Bwana,
Marion Nabiswa

*

Minneapolis
19 Mei 1999

Luseno,

Marion ameniandikia. Usimwambie kitu, na usigombane na yeye. Huyo msichana anaamka saa kumi na moja juu yako, bwana, na wewe hata blanketi ulimpelekea Keith.

Ati bomba! Nilicheka mpaka nikakaa chini kwa ngazi. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu niliona mimi na wewe ni wale wale.

Sisimamii kompyuta, Luseno. Nazipanguza. Niko na mopu na ndoo na kitambaa cha vumbi, kila asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia. Nilikuambia zote zinapita kwa mkono wangu, si uongo, lakini si vile mathe anatoa shukrani. Shule niliacha mwaka jana, karo ilinishinda. Haya majibu yote nimekuwa nikipewa na Dirie, kijana wa Garissa, anasoma hapa. Namwuliza nikipiga mopu chini ya miguu yake. Ile waya alitoa yeye. Siku hizi ananipatia vitabu vya hizo mashine, na nasoma, na naelewa, hiyo nakuapia. Nakaribia kumshinda. Lakini cheo yangu ni mopu. Naona haya kurudi hivi, na naona haya kukaa.

Ulivyokuwa unaniita mkubwa, nilikuwa nasikia ni kama Marion akisikia bomba. Inabidi nibonyeze.

Sasa Keith. Nimemsomea Dirie barua zote. Anasema waya ni sawa, namba sawa, ruhusa sawa, hiyo mashine haina sababu ya kukataa asubuhi. Marion anasema kuna siku aliamka mwenyewe, yeye amewasha tu ukutani anavua koti, hata hajamgusa. Dirie amekuna kichwa. Mimi nimekuna changu. Hatujui. Nisamehe. Juni ndiyo hii na sina kitu ya kukutumia.

Siku yangu pia ni mbaya, leo nimechoma shati ya kazi na pasi. Unajua soketi za huku hazina swichi? Hakuna pale pa kuwasha na kuzima, ni matundu tu kwa ukuta. Ukichomeka, imechomeka, stima iko hapo siku zote. Miaka tatu na bado natafuta swichi na kidole kama kipofu, nasahau, naacha pasi inawaka.

Usimwambie mathe.

Walter

*

Chumba cha Chini ya Ngazi, Umoja One
8 Juni 1999

Walter,

Angalia hapo juu nimeandika naishi wapi. Soma tena. Mimi nimesoma mara nne.

Barua yako ilinipata Alhamisi nikila githeri. Nikafika pale pa shati, ati soketi za huko hazina swichi. Nikaacha kutafuna. Nikarudi nyuma nikasoma ya Marion na koti. Amewasha ukutani, Keith akaamka. Walter, githeri ilinipita na njia ya hewa.

Nikapanda juu mbio. Nikamwambia Marion, "Niambie unavyozima Keith jioni. Pole pole, usiruke kitu."

Akaanza kwa vidole. "Nahifadhi. Namzima. Nangoja skrini iwe nyeusi. Halafu nazima soketi ukutani. Halafu nafunika."

"Rudia hiyo ya soketi."

"Nazima soketi ukutani. Luseno, kwani kwenu mnazima aje? Kuzima vizuri ni kuzima mpaka ukutani! Nyumba ya jirani yetu Bungoma iliungua na redio!"

Nilikaa chini kwa sakafu. Kuzima vizuri, Walter! Wewe uliandika azimwe vizuri, na huko kwenu vizuri inaishia kwa kompyuta, kwa sababu ukutani hakuna kitu ya kuzima. Hapa vizuri inaenda mpaka ukutani, kila mtoto wa Umoja anajua, mamako hata anang'oa plagi akisikia radi. Saa ya lanchi Marion anazima ya haraka, ukutani anaacha, Keith anabaki na ile stima kidogo ya kusikia. Jioni anamzima vizuri kama vile bosi wa Amerika aliagiza, na Keith anakufa kabisa. Mimi asubuhi naita maiti mara kumi na sita! Na ile taa ya kijani sikuwahi kuiona saa moja, kwa sababu mlango umefungwa na ufunguo uko kwa pochi ya Marion.

Na ile Ijumaa ya koti, ni mimi nilimwamsha, nilibonyeza huku chini yeye akiwa ameshawasha ukutani. Mimi! Marion amekubali, lakini amekataa niringe. Nimeringa.

Kumshawishi aache ukuta ikiwaka ilichukua siku moja na chapati mbili. Nilimwapia hiyo stima ya kusikia haiwezi hata kupasha maji ya kunawa. Mwishowe akaketi akafuma kitambaa kidogo kama kofia ya mtoto, akaivalisha hiyo swichi, mtu yeyote asiiguse. Swichi yetu saa hii ndiyo imevaa poa kushinda mimi.

Jumatatu jana, saa moja kamili. Marion bado ako njiani. Nikamwambia Madam abonyeze yeye mwenyewe. Mimi nikasimama katikati ya duka, mikono juu kama mtu ameshikwa na polisi, spana nimeipatia mteja ashike. Madam akabonyeza na kidole moja.

Vuuu.

Akangoja. Akaangalia dari. Akasema, "Leo hujagonga bomba."

Nikasema, "Laini imeshtuka ya kutosha, Madam."

"Na leo kompyuta haijavaa viatu."

Akaendelea, hata hacheki, "Luseno, mimi nimekaa chini ya hiyo dari miaka tisa. Kila asubuhi ulikuwa ukigonga, nasikia kompyuta ikitembea na visigino mpaka kwa meza. Nilikuwa nangoja kuona nani atachoka kwanza, wewe ama huyo msichana. Huyo amekuamkia saa kumi na moja mwezi mzima, na wewe bado unaamsha mashine!" Akafungua droo akanipatia ufunguo. Wateja walipiga makofi na hata hawakuwa wanajua ni ya nini. Ngigi amechukua veranda yangu, na nimempatia kiti. Marion alipofika nilimfungulia mlango wa chumba nikamwambia aingie wa kwanza. Aliingia. Akasema dirisha inataka pazia. Ameanza kufuma.

Sasa tuongee yetu.

Mamako sijamwambia kitu. Lakini nikuambie, nilikuwa nalilia mkubwa wa kompyuta, na mkubwa hakunisaidia. Mwenye alinisaidia ni mtu wa mopu amechoma shati akaandika ukweli. Kama ungeendelea na ukubwa, usingetaja pasi, na mimi ningekuwa nagonga bomba mpaka leo.

Kwa hivyo dili ni hii. Chumba kina nafasi ya meza mbili. Moja nimekalia. Ingine nimeipiga msasa, nimeiweka upande wa dirisha, nimeivutia soketi yake. Samatar anasema ako na mashine ishirini zingine kama Keith, na kila duka hapa Umoja inataka yake, mtu wa kuzifungua hakuna. Kusoma vitabu vya Kiingereza vya hizo vitu mimi siwezi, niliishia darasa la nne. Wewe unaweza. Kuongea na watu mpaka wakubali, hiyo wewe huwezi, mimi naweza nikiwa nimelala. Jina lako linakaa mbele kwa bango. Mopu pia uje nayo, hapa chini kuna vumbi, na fundi akipanguza mahali pake hakuna mtu atauliza cheo.

Hiyo soketi yako nimeiwasha ukutani, na sitaizima. Marion ameivalisha kofia. Usinijibu na barua ndefu. Ukikubali, tuma tu siku ya ndege, mimi na mamako tutakuwa hapo nje ya uwanja. Ukikataa, nijue ulihesabu kumi na tano. Hesabu vizuri basi:

Walter Walter Walter Walter
Walter Walter Walter Walter
Walter Walter Walter Walter
Walter Walter Walter Walter

Job Luseno